Siri Iliyofichuka Dukani: Wauza Vitabu Waliogeuka Wapelelezi

Hadithi ilikuwa tamu, na utamu wake ndio uliowapumbaza watu. Mapema mwaka 1847, katika mji wa Pisa nchini Italia, mshairi Robert Browning alikuwa amesimama dirishani baada ya kifungua kinywa. Mkewe, Elizabeth Barrett Browning, akamjia kwa nyuma, akamtia bunda la karatasi mfukoni, akamwambia azisome na kama hazimpendezi azichane, kisha akakimbilia chumbani kwake. Zilikuwa sonneti za mapenzi alizomtungia siku za uchumba wao. Browning alipozisoma aliona si haki zifichwe. Basi zikapelekwa Uingereza kwa rafiki yao, mwandishi Mary Russell Mitford, naye akazichapisha kimyakimya katika mji wa Reading: kijitabu chembamba cha kugawiwa marafiki, si cha kuuzwa.

Hivyo ndivyo alivyosimulia Edmund Gosse, mhakiki aliyeheshimika sana London, mwaka 1894. Na kijitabu chenyewe kilikuwapo, kinashikika, jalada lake likitaja Reading na mwaka 1847. Kabla ya hapo watu walijua kwamba sonneti hizo zilitoka mara ya kwanza mwaka 1850, ndani ya mkusanyiko wa mashairi ya Elizabeth. Sasa ghafla kuna toleo lililotangulia kwa miaka 3. Kwa mkusanyaji wa vitabu, miaka 3 ya namna hiyo ni mali. Matajiri wa Uingereza na Marekani walikigombea, na maktaba kubwa zilijivunia kuwa nacho.

Waliokuja kuuliza maswali hawakuwa polisi wala maprofesa. Walikuwa wauza vitabu wawili, vijana.

Wasomaji wa riwaya za upelelezi zile za upole, zisizo na damu nyingi wala risasi, wanamjua vizuri mwenye duka la vitabu anayefumbua mauaji kati ya mteja mmoja na mwingine. Mhusika huyu amejaa katika riwaya za Kiingereza, hasa za Marekani, na wapo wahakiki wanaomwona kama pambo tu: amewekwa dukani kwa sababu duka la vitabu linapendeza machoni. Wahakiki hao hawajaitazama kazi yenyewe kwa karibu. Kuuza vitabu vya kale ni kupeleleza tangu asubuhi hadi jioni. Kila kitabu kinachoingia dukani kinaulizwa: umetoka wapi, nani alikuwa nawe, mbona ukurasa huu haupo, na je, wewe ndiwe unayesema ndiwe?

Graham Pollard, aliyezaliwa mwaka 1903, alikuwa mshirika katika duka la Birrell & Garnett, mtaa wa Gerrard, eneo la Soho. John Carter, aliyezaliwa mwaka 1905, alishughulikia vitabu adimu katika tawi la London la Scribner's, kampuni ya New York. Carter alikuwa na mapenzi mengine pia: alizithamini riwaya za upelelezi wakati wakusanyaji wengi walizidharau. Mwaka 1934 alihariri kitabu kuhusu njia mpya za ukusanyaji, na sura ya riwaya za upelelezi aliiandika mwenyewe. Mwaka huohuo yeye na Pollard walitoa matokeo ya upelelezi wao wa kweli.

Walianza na kile ambacho hakikuwapo. Kitabu kilichoishi miaka 80 huwa na alama za maisha yake: jina la mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza, tarehe aliyopewa, neno la mapenzi kutoka kwa mtunzi, jalada alilolitia fundi wa zama hizo, muhuri wa maktaba, doa la chai. Kijitabu cha Reading kilidaiwa kugawiwa marafiki. Iko wapi nakala moja tu yenye maandishi ya Elizabeth kwa rafiki yake? Haikuwapo. Iko wapi barua ya Mitford, mwanamke aliyeandika barua nyingi mno, inayokitaja? Haikuwapo. Nakala zote zilikuwa safi kama zimetoka matbaani juzi. Kwenye minada hakuna aliyekiona kabla ya miaka ya mwisho ya karne ya 19. Tena barua za Browning mwenyewe zilionyesha kwamba sonneti hizo aliziona mara ya kwanza mwaka 1849, walipokuwa Bagni di Lucca. Kama hakuziona hadi 1849, zilichapwaje 1847?

Na kijitabu hiki hakikuwa peke yake. Vilikuwapo vingine vya sura ileile, vyenye majina ya waandishi kama Tennyson, Ruskin, Swinburne, Dickens, Thackeray, George Eliot, Stevenson: vyembamba vyote, vyote vikidai kutangulia toleo linalojulikana, vyote visafi, vyote vikiwa vimeibuka sokoni karibu wakati mmoja. Hata kabla ya hapo mashaka yalikuwapo. Wahariri wa maandishi kamili ya Ruskin, Cook na Wedderburn, walikwishakitilia shaka kijitabu kimoja kilichobeba mwaka 1864, kwa kuwa maneno yaliyomo yalikuwa yale ambayo Ruskin aliyasahihisha miaka kadhaa baadaye. Lakini walikitaja hicho, wakapita. Hakuna aliyeuvuta uzi huo mpaka mwisho.

Carter na Pollard waliuvuta, na hatua yao iliyofuata ilikuwa karatasi.

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Msomaji wa kawaida huona karatasi kuwa karatasi. Kwa mtaalamu mwenye hadubini, kila jani lina historia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1860, karatasi ya vitabu Uingereza ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Matambara yalipoadimika, watengenezaji wakageukia esparto, nyasi ngumu za Hispania na Afrika Kaskazini, ambazo zilianza kutumika kwa wingi mwaka 1861. Baadaye ikaja karatasi ya mbao zilizopikwa kwa kemikali, ambayo kwa mahesabu yao isingeweza kuwamo katika kitabu cha Uingereza kabla ya mwaka 1874. Wauza vitabu hawa walipata vipande vidogo kutoka kwenye vijitabu vilivyoshukiwa, wakavipeleka kwa wataalamu wa nyuzi. Chini ya hadubini uzi wa mbao una umbo lake, wa esparto una lake, na wa pamba una lake, havichanganyiki. Jibu la kijitabu cha Reading, cha mwaka 1847, lilikuwa mbao. Kilichapwa kwa karatasi ambayo haikuwa imezaliwa bado.

Vijitabu kadhaa vilianguka kwa kosa hilo moja. Vingine vilikuwa na karatasi isiyopingana na miaka yake, kwa hiyo walihitaji ushahidi wa pili. Wakaugeukia umbo la herufi.

Siku hizo kila herufi ilikuwa kipande cha risasi, na wapiga chapa walipanga vipande hivyo kimoja kimoja. Herufi f na j zilisumbua, kwa sababu kichwa cha f na mkia wa j vilining'inia nje ya kipande na kuvunjika upesi. Baada ya mwaka 1880 zikachongwa f na j mpya zilizojikunja zikakaa zote ndani ya kipande chake. Herufi hizo mpya zilionekana ndani ya kijitabu cha mwaka 1847. Zaidi ya hapo, seti hiyo ya herufi ilikuwa na alama ya kuuliza isiyo yake, iliyoazimwa kutoka seti nyingine. Mchanganyiko wa namna hiyo haujirudii ovyo. Ukiupata kwingine, umempata mchapaji.

Wakautafuta. Walichokipata kilikuwa kitabu kisicho na hatia yoyote: chapa mpya ya shairi la Matthew Arnold, *Alaric at Rome*, iliyotolewa mwaka 1893 kwa nia njema ya kuwapa wasomaji nakala ya toleo adimu. Humo zilikuwamo f zilezile, j zilezile na alama ileile ya kuuliza, na jina la mchapaji lilikuwa limeandikwa waziwazi: Richard Clay & Sons. Kampuni hiyo haikuwa na habari ya udanganyifu wowote; ilichapa ilichoagizwa na mteja wake. Daftari zake za kabla ya mwaka 1911 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa, kwa hiyo jina la aliyeagiza vijitabu halikuweza kusomwa humo. Lakini jina la aliyeitoa *Alaric at Rome* lilijulikana na kila mtu katika biashara ya vitabu.

Lilikuwa Thomas James Wise.

Ni vigumu leo kueleza ukubwa wa jina hilo wakati ule. Wise alizaliwa Gravesend mwaka 1859, hakupita chuo kikuu chochote, akaajiriwa angali kijana katika kampuni ya London iliyouza mafuta ya manukato, akapanda ngazi humo. Fedha yake aliitia katika vitabu. Maktaba yake binafsi, aliyoiita Ashley Library, ilikuwa miongoni mwa bora kabisa Uingereza. Orodha alizoziandika za kazi za washairi wakubwa ndizo zilizokuwa marejeo ya wauzaji na maktaba. Alikuwa rais wa Bibliographical Society kuanzia 1922 hadi 1924. Kama mtu alikuwa na shaka juu ya toleo la kwanza la Tennyson au Browning, aliambiwa amuulize Wise. Naye ndiye aliyevithibitisha vijitabu hivyo katika orodha zake, mwaka baada ya mwaka.

Oktoba 1933 Pollard alimwendea nyumbani kwake Hampstead akamweleza waliyoyagundua. Mzee wa miaka 74 alisema hakumbuki vizuri mambo ya zamani. Muda si mrefu alikumbuka: vijitabu vilitoka kwa Harry Buxton Forman, afisa mkubwa wa posta na mhariri mashuhuri wa Keats na Shelley. Forman alikuwa amefariki mwaka 1917, hivyo hakuweza kujitetea.

Katika kisa hiki yuko mtu mmoja anayestahili heshima zaidi ya anayopewa. Herbert Gorfin alikuwa zamani kijana wa kutumwatumwa katika ofisi ya Wise. Wise alimpa vijitabu auze kwa kamisheni, kisha akamuuzia mzigo uliobaki. Gorfin alifungua duka lake mwenyewe, na kwa miaka mingi aliwauzia wateja wake vijitabu hivyo akiamini ni halali, maana vilitoka kwa mtu aliyemwamini. Carter na Pollard walipomfikia na kumweleza, alitambua kwamba mali aliyoitolea jasho ilikuwa uongo mtupu. Wise alinunua upya mzigo huo kwa pauni 400, akamtaka aseme kwamba vyote vilitoka kwa Forman. Gorfin alikataa. Alisema alichokijua: kila nakala aliipata kwa Wise. Muuza duka mdogo, mbele ya mtu aliyeweza kumfungia kila mlango wa biashara ile, alisimama na kweli yake.

Kitabu cha Carter na Pollard kilitoka mwaka 1934 kikiitwa *An Enquiry into the Nature of Certain Nineteenth Century Pamphlets*. Jina limepoa kwa makusudi, na ndani yake ni vivyo hivyo. Sheria ya kashfa ya Uingereza ilikuwa kali, kwa hiyo hawakuandika popote kwamba Wise alighushi. Waliwapitisha wasomaji katika vijitabu karibu 50, karatasi kwa karatasi, herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe, wakawaachia wenyewe kulitamka jina. Carter alikuwa na miaka 29, Pollard 31. Wise alijibu kidogo magazetini, kisha akanyamaza kwa kisingizio cha afya. Alifariki Mei 1937 bila kukiri. Mwaka huohuo maktaba yake iliuzwa kwa British Museum kwa pauni 66,000.

Na hapo mambo yalizidi kuwa mabaya. Katika miaka ya 1950, David Foxon, mtumishi wa jumba hilohilo, alizilinganisha tamthilia za kale za Wise na nakala zilizokuwa kwenye rafu za jumba hilo tangu zamani. Kurasa zilizokosekana kwenye nakala za jumba zilikutwa zimeshonwa ndani ya nakala za Wise, na nyingine ndani ya zile alizomtafutia tajiri wa Chicago, John Henry Wrenn, ambazo tangu mwaka 1918 zilikuwa mali ya Chuo Kikuu cha Texas. Mashimo ya wadudu yaliingiana, na mistari ya mipasuko ilikutana. Kurasa zilizoibwa zilizidi 200.

Kuhusu Forman, Wise alisema ukweli nusu. Miaka ya 1940 zilijitokeza karatasi ambamo wawili hao walibishana kwa maandishi juu ya kuchapa shairi la Tennyson na kulitia mwaka wa uongo. Walikuwa washirika. Mwaka 1983 Nicolas Barker na John Collins walitoa kitabu cha kuendeleza kile cha 1934, wakaonyesha sehemu ya kila mmoja katika kazi hiyo.

Ukizirudia riwaya baada ya kukijua kisa hiki, unaona waandishi bora wa fani hii walijua vyema walichokuwa wakikiandika. Sherlock Holmes alipofufuka katika hadithi ya mwaka 1903, baada ya wasomaji kumlilia miaka mingi, alimtokea rafiki yake Watson kwa sura ya mzee muuza vitabu, mgongo umepinda na vitabu kwapani. Mwaka 1919 Christopher Morley alitoa *The Haunted Bookshop*, riwaya ya duka la Brooklyn ambamo kitabu kimoja hupotea kwenye rafu na kurudi, kikapotea tena, na nyuma yake kuna njama ya kumuua Rais Wilson. Mwaka 1938, miaka 4 tu baada ya Carter na Pollard, *Fast Company* ya Marco Page ilimfanya mfanyabiashara wa vitabu adimu wa New York awe mpelelezi wa wizi na mauaji.

Mfano mzuri kuliko yote umo katika riwaya isiyo ya upole hata kidogo. Ndani ya *The Big Sleep* ya Raymond Chandler, ya mwaka 1939, mpelelezi Marlowe anaingia katika duka linalodai kuuza vitabu adimu Hollywood. Anamuuliza mwanamke wa mapokezi kama wanayo *Ben-Hur* ya mwaka 1860, toleo la tatu, lenye mstari uliorudiwa kimakosa. Mwanamke anajibu kwamba kwa sasa hawana. Marlowe anavuka barabara, anauliza vilevile katika duka lingine, na muuzaji wa huko anafungua kitabu cha marejeo na kumwambia hakuna kitu kama hicho. *Ben-Hur* ilitoka mwaka 1880. Kwa swali hilo moja duka la kwanza limekwisha kujitaja kuwa duka la uongo.

Mfululizo uliolipa duka la vitabu makao ya kudumu katika fani hii ni wa Carolyn Hart. Ulianza mwaka 1987 na ukapita vitabu 20. Annie Laurance ana duka la riwaya za upelelezi katika kisiwa cha kubuni pwani ya South Carolina, na kila mwezi hutundika ukutani picha za riwaya mbalimbali, wateja wakisie ni zipi. Anayepatia anapewa zawadi. Mapenzi ya Hart kwa waliomtangulia yanaonekana kila ukurasa. Naye John Dunning, aliyekuwa na duka la vitabu vya kale Denver, alitoa *Booked to Die* mwaka 1992: polisi anaacha kazi na kufungua duka, na aliyeuawa ni maskini mmoja aliyezunguka masoko ya mitumba akitafuta vitabu vyenye thamani visivyotambuliwa. Bei, hali ya jalada la karatasi, dalili za toleo la kwanza, vyote humo ni vielelezo vya kesi. Dunning aliyajua hayo kwa mikono yake.

Katika Kiswahili, mpelelezi asiye na sare alifika mapema. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 hadi 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu kilichotoka mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, wana damu ya Holmes na Watson, lakini Unguja yao ni Unguja kweli. Bwana Msa hana duka. Hadi sasa hakuna muuza vitabu wa Kiswahili anayefahamika sana kama mpelelezi wa riwaya, na hilo ni pengo la kusikitisha, kwa sababu malighafi ipo tele.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilikuwa katika karne ya 18 na 19 mahali palipojulikana kwa kunakili misahafu kwa mkono, yenye mapambo ya rangi pembezoni mwa kurasa. Nakala hizo zimetawanyika, nyingine Mombasa na Lamu, nyingine ng'ambo, na nyingi hazina tarehe. Watafiti wanaozichunguza leo huinua jani moja kwenye mwanga na kutafuta alama iliyofichwa ndani ya karatasi, nembo ya kiwanda kilichoitengeneza. Karatasi ilitoka Ulaya, ikapita kwa wafanyabiashara wa bahari, ikamfikia mwandishi pwani. Kwa kuijua nembo hiyo wanakaribia kujua ni miaka gani mwandishi huyo alichovya kalamu yake.